Mzee Yang Anamngoja Yibula

Wudu, 28 Julai 1987

Wifi yangu Maliyan,

Amani ya Mola iwe nawe na wanao. Eda unaimudu? Miguu imeacha kuvimba? Sisi tu wazima, na gari halijatusumbua ila pancha moja pale mtoni.

Safari ya kaka tunaiendesha kama alivyokuwa akiiendesha yeye, tukinunua pilipili kijiji kwa kijiji, mume wangu, Baba Ersa, akishika usukani na mimi nikichagua mzigo. Pilipili ya miti imeiva vizuri, imeanikwa mpaka mapaa ya nyumba yamekuwa mekundu, mlima mzima unanukia. Naweka punje ulimini, ganzi inapanda mpaka masikioni, nasema hii safi, hii imechanganywa. Kazi inakwenda. Nakula, naswali, nalala. Tangu siku ile tuliyotoka makaburini ndivyo nilivyo, wifi. Nyinyi mlikuwa mnalia, mimi nilikuwa nakunja mablanketi ya wageni.

Sasa nikuambie jambo, usinikasirikie. Tumepanda kwa Mzee Yang, kule juu kabisa. Si mwenzetu wa dini, lakini unajua ana sufuria aliyomtengea kaka, haijaguswa na nyama ya nguruwe hata siku moja. Tulimkuta anatwanga viazi kwa nyundo ya mti. Hata hajanisalimu akauliza, "Yuko wapi yule mwizi? Nimemwoshea sufuria yake tangu alfajiri!"

Nikafungua mdomo niseme. Nikasema, "Ana mafua."

"Mafua, mwezi wa saba? Mwambie huo ni uzee!" Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mimi pilipili yangu simuuzii mtu. Bei tunapatana mimi na yeye kwa vidole, ndani ya mkono wa koti, na wewe dada mkono wako siwezi kuushika. Akipona aje. Namngoja."

Baba Ersa akatazama viatu vyake. Tukala viazi kwa mchuzi wa kabichi chachu. Vilikuwa vitamu, nadhani.

Kila kijiji tangu hapo wananiuliza, nami nawajibu yale yale. Nina asali chupa mbili na karanga za mlimani, zote wamemtumia yeye.

Nijibu kwa msikiti wa Songpan, tutakuwa huko.

Wifi yako,
Salimai


Linxia, 7 Agosti 1987

Wifi Salimai,

Nawe amani ya Mola ikushukie, pamoja na shemeji. Miguu haijambo, na watoto wanakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikidhani macho yangu ndiyo mabaya.

Hapa kizingiti sivuki. Shangazi anakaa mlangoni na tasbihi yake, nikichungulia dirishani anaguna. Haya, ni amri ya Mungu, nimeipokea. Lakini wewe huko kila nyumba unayopita unamwacha mume wangu hai, ana mafua. Mimi niko edani kwa ajili ya nani?

Na yule mzee wa watu? Pilipili iliyochumwa haingoji, na mvua za Agosti unazijua kuliko mimi. Umemfungia mwenzio riziki yake ya mwaka kwa uongo. Rudi ukamwambie. Ukishindwa, nitamwandikia mimi.

Ila ningependa useme wewe. Hata kwangu hujawahi kulitamka neno lenyewe. Unasema "siku ile", unasema "safari ya kaka".

Wifi yako,
Maliyan


Wudu, 21 Agosti 1987

Wifi yangu Maliyan,

Amani iwe nawe. Sisi tu wazima. Mvua imenyesha siku sita, barabara imekatika, tulipanda kwa Mzee Yang kwa miguu tangu asubuhi. Njiani Baba Ersa akasema, "Acha nimwambie mimi, mwanamume mwenzake." Nikamwambia anyamaze.

Pilipili alikuwa ameiingiza ndani, ameitandaza mpaka juu ya kitanda cha udongo. Nusu imekuwa nyeusi. "Wamepita wanunuzi watatu kabla ya mvua, nikawafukuza," akasema. "Si neno. Yule mwizi kapona?" Akatugeuzia mgongo, akamimina chai.

Nikasema, "Yibula amekufa. Alikufa tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita, mlangoni kwake, anafunga kamba za viatu. Mafua nilikudanganya."

Akakaa. Akauliza, "Nani alimwosha?" Nikamtajia. Akauliza kama alipata maumivu. Nikasema sijui, tulimkuta ameinama tu. Hapo mzee akaanza kulia, wifi, kwa sauti, kama mtoto, na bakuli la chai bado limo mkononi, chai inammwagikia magotini, moto. Hakuisikia. Nikalichukua nikamshikia.

Mimi halikunitoka hata tone. Nilikuwa namtazama tu, nikasema moyoni, kumbe hivyo ndivyo inavyofanywa.

Pilipili yake tumeichukua yote, nyeusi na nyekundu, kwa bei ya nyekundu. Baba Ersa hakubisha. Kesho tunarudi Songpan, kijiji kwa kijiji, nikawaambie na wale wengine.

Lakini siku hiyo hatukuondoka mapema. Nilikaa pale na bakuli la mtu mikononi mpaka chai ikapoa, nikimngoja amalize.

Wifi yako,
Salimai