Adhana ya Saa Nane

Jumatatu, 10 Machi

Hapa Gihosha hatusikii msikiti. Buyenzi, mtaa tuliohama, ilikuwa raha, adhana inaingia mpaka ndani ya sufuria. Sasa kila futari ni fujo: baba mdogo Suud anatazama saa ya mkono, kaka Adil simu, mama dirisha, na hakuna wawili wanaopatana. Bibi Thuwaiba ameshika tende anangoja waelewane. Asipoonja yeye, hakuna anayegusa sinia. Mkubwa kwanza. Leo uji umepoa kabisa.

Nimepata wazo! Nitaandika programu ya kuadhini. Simwambii mtu. Kuongea mbele ya watu siwezi, lakini C, lugha ya kompyuta, naweza.

(Shuleni ni Kifaransa, kwa ustadhi ni Kiarabu. Siri zangu naziandika kwa Kiswahili, lugha ya jikoni.)

Jumatano, 12 Machi

Nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja. Uzi wa kwanza unalala dakika moja, unaamka, unapunguza hesabu ya dakika zilizobaki hadi magharibi, unalala tena. Ikifika sifuri — adhana. Uzi wa pili unachora saa kwenye skrini, maana ningeacha ule wa kulala peke yake, kila kitu kingeganda.

Jaribio la kwanza: imefunguka, imekufa. Uzi mkuu uliondoka bila kusubiri wenzake, na ukiondoka huo, wote wanakufa nao. Tabia gani hiyo? Hata kwenye sinia tunasubiriana. Nimeongeza mstari mmoja wa kusubiri. Imeadhini! Kwa sauti ya mbu, lakini imeadhini.

Spika nzuri ziko kwenye ordi ya Adil, kompyuta iliyoko saloni tunapofuturu. Yangu ni ya mfumo wa Linux. Yake ni Windows. Ole wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimwandikia mesye Anselme, mwalimu wa informatiki, somo la kompyuta, swali kwenye karatasi, nikaliacha mezani kwake, nikakimbia. Akalijibu mbele ya darasa zima! Na akataja jina langu. Masikio yaliwaka moto.

Alisema kila mfumo una adabu yake ya kuita nyuzi. Kwa Linux unasema pthread_create, kwa Windows unasema CreateThread. Kazi ile ile. Badilisha majina, alisema, lakini soma na masharti ya kila jina.

Halafu akatueleza mkwamo. Uzi mmoja umeshika kitu ambacho mwenzake anakitaka, na mwenzake ameshika kile ambacho wa kwanza anakitaka. Hakuna anayeachia. Hakuna kosa linaloandikwa popote, alisema, programu inanyamaza tu. Sephora, ninayekaa naye dawati moja, akanong'ona kwamba ndiyo mimi huyo, programu iliyonyamaza. Nilicheka kwa ndani.

Majina nimebadilisha yote. Masharti nimesoma nusu.

Jumamosi, 15 Machi

Ya Rabi. Ya Rabi. Ya Rabi.

Nyumba ilikuwa tupu. Baba mdogo na Adil walishuka bandarini kutazama mizigo ya Kigoma, mama sokoni. Bibi amelala chumbani, pazia limefungwa. Saa nane mchana. Nikaweka programu kwenye ordi ya Adil, nikaiwasha, nikasema nitarudi magharibi kuona kama itaamka.

Sikufika hata mlangoni. Dakika zikateremka kama mtu ameteleza kwenye ngazi — mia mbili, mia, thelathini, sifuri — na ALLAHU AKBAR kwa spika zote mbili. Nilivuta waya ukutani.

Kimya. Nikachungulia chumbani. Bibi amekaa kitandani gizani, nywele zimesimama, bismillah mdomoni, na tende tayari imo. Anatafuna kwa utulivu wa mtu aliyemaliza siku yake. Akachukua nyingine. Halafu akafungua pazia.

Jua lote la Mungu likamwingia usoni. Akaacha kutafuna. Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Wakati wa futari aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, eti mashetani wanaweza kutoka Ramadhani? Baba mdogo akacheka, akamwambia wamefungwa wote kwa minyororo, hakuna hata mmoja wa dawa.

Bibi akatikisa kichwa. "Basi ni mi. Kichwa ndiyo kimechoka."

Hakuna aliyeelewa, ila mimi. Mama amesema Jumatatu watampeleka kwa daktari wa wazee. Bibi hakukataa! Bibi, ambaye anamkatalia hata mfamasia.

Nikisema, nitamwambia mbele ya watu kwamba nilimwona anakula mchana. Nisiposema, anaamini anapotea akili. Na yeye hawezi kuuliza bila kutaja tende.

Jumapili, 16 Machi

Nimeona kosa. Amri ya kulala, Linux inahesabu sekunde. Windows inahesabu sekunde iliyokatwa vipande elfu. Niliandika sitini. Kwangu ni dakika, kwa Windows ni kufumba kope mara moja. Ndiyo ile nusu ya masharti ambayo sikuisoma. Nimerekebisha, nimejaribu mara tatu bila spika, nimeiacha inahesabu kwenye ordi ya Adil.

— Sasa naandika kwenye simu, nimesimama jikoni. Imeadhini! Kwa wakati, sauti nzuri, hata mama akasema mashallah. Adil akadakia eti ameitelesharji yeye, kaitoa mtandaoni. Mwongo huyo!

Bibi hakugusa tende. Akamuuliza Adil kama na jana aliiwasha. Adil akasema apana, jana alikuwa bandarini, si unajua?

Bibi akageuka polepole. "Houda. Jana hapa tulikuwa wawili."

Nikasema naenda kuleta maji.

Kule saloni hakuna anayekula. Naona kupitia upenyo wa mlango: mikono yote iko juu ya sinia, imeganda, inamngoja Bibi. Bibi ananingoja mimi. Baba mdogo anameza mate. Sambusa zinapoa.

Glasi imejaa zamani, maji yananimwagikia miguuni.

Bibi anaita: "Houda, mutoto wangu, maji yametosha. Kuja uniambie: nile, ao nisile?"