Mama Tobi

Rongo, Jumatano

Na kosa ni langu. Siku ya kwanza sokoni, Mama Akoth, muuza samaki, aliniuliza mimi ni mama nani. Ningesema tu sina mtoto wala mume. Lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa, nikataja jina la mbwa wangu.

Tangu hapo ni Mama Tobi, soko zima. Miezi mitano! Kila nikinunua mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ananiongezea kichwa kimoja. "Cha Tobi, apate akili ya shule." Paka wangu wawili ndio hukila.

Leo jioni akaja hadi getini na sweta ya shule ya mjukuu wake. "Imembana huyu wangu. Mwite Tobi aijaribu."

Nilikosa pa kuficha uso. Kabla sijasema neno, akamwita mwenyewe. Tobi akatoka mbio, akamlamba mikono yote miwili.

Ikabidi nimweleze. Kwamba niliacha kazi ya kwenye ndege niliyoiota tangu utotoni. Kwamba nyumbani ni mimi na wanyama tu, na kuna siku naogopa kwamba nilikosea.

Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akamkuna Tobi shingoni.

"Lakini huyu ameitwa akaja," akasema. "Wanangu wako Nairobi, hata simu hawashiki."

Sweta aliiacha. Tobi ameilalia sasa hivi, anakoroma.

Kesho nitapita sokoni. Nikiitwa Mama Tobi, nitaitika.