Vichala vya Kwanza

12 Januari 2016

Mwenye nyumba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku mlimani haina adabu, nalala na koti. Goti lako linaendeleaje?

Mizabibu imezaa! Vichala vidogo, vya kijani, vigumu kama kokoto. Wale waliosema baridi hii haifai hata kitunguu sasa wanachungulia kwenye ua wangu. Niliahidi kwamba nikishavuna mara ya kwanza nitarudi. Basi jiandae.

Mumeo

30 Januari 2016

Mume wangu,

Barua imefika. Sijambo, na goti linalalamika kwenye ngazi tu. Nimelia, nikacheka, nikaanika godoro barazani mpaka jirani akauliza nani anakuja. Kusema kweli nimeshamwambia kila mtu. Kinyozi ameahidi kukunyoa bure, anajua utarudi na kichaka kichwani. Bado nalala upande wangu tu wa kitanda, nawe unajua ninavyopenda kujinafasi. Nimekukosa sana. Vuna upesi.

Mkeo

21 Februari 2016

Mwenye nyumba,

Natumai u mzima. Sijui nianzie wapi. Mtaalamu wa mizabibu amepita, akasema ikiachwa izae ikiwa michanga hivi itachoka, na baridi itaimaliza. Nimevikata vichala vyote nikavitupa chini. Mizizi kwanza, ndivyo alivyosema. Nisubiri mwaka mmoja tu. Nisamehe.

Mumeo

8 Agosti 2016

Mwenye nyumba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Unaumwa, au umenuna? Nuna tu, mradi uwe mzima.

Mumeo

3 Machi 2017

Mwenye nyumba,

U hali gani? Tumevuna. Jua la huku ni bahili, zabibu zimeiva polepole na zina uchachu, lakini harufu yake ungeipenda. Majirani wawili wamepanda za kwao. Nimejenga chumba cha kukamulia, nami nalala juu yake, nasikia mapipa yakitoa mapovu. Siwezi kuondoka sasa, mvinyo ukiuacha unageuka siki. Nisubiri kidogo. Sijaonja hata tone, sitaki kuonja peke yangu.

Mumeo

19 Machi 2017

Mume wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Nilinuna, ndiyo, lakini si kwa sababu ya vile vichala. Jana nimezisoma barua zako zote, nimelala upande wako. Umeandika baridi, mizizi, mapipa, majirani. Umeandika “nisubiri” mpaka nimelichukia neno lenyewe. “Njoo” hujaandika hata mara moja. Labda ulikionea haya hicho chumba, au uliogopa goti langu na ngazi zako. Ungeniuliza.

Nimechoka kungoja kuitwa. Godoro nimempa jirani, funguo za nyumba nimezirudisha. Soksi nzito nimenunua, zako na zangu. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta. Na hayo mapipa usiyaguse mpaka nifike.

Mkeo