Ralanti ya Pikapu na Ng'ombe wa Rugari

Mapendo, Goma

Mpendwa Papa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na lile goti halikusumbui tena unapopanda shambani. Mimi ni mzima kabisa. Ninakula vizuri, ninalala vizuri, na kama kuna mtu amekuambia nimekonda kwa mawazo, amekudanganya. Nisalimie majirani wote wa Kalengera, hasa Mama Uwimbabazi aliyenitumia maharage. Mama simsalimu humu, kwa sababu utakayoiona mbele.

Papa, ujumbe wako nimeupata. Baba mdogo Jean de Dieu alinikuta sokoni nikipakua viazi, akanieleza kwamba watu wa Niyibizi wameleta ng'ombe wa mahari, kwamba umempokea, na kwamba harusi yangu na Niyibizi itakuwa baada ya mavuno. Akaongeza kwamba umewaahidi pikapu iwe indongoranyo, ile zawadi yetu ya kuwarudishia wenye bwana harusi. Alitaka nipige vigelegele palepale, katikati ya magunia. Sikupiga. Nilimwambia jibu langu nitakuandikia mwenyewe, maana maneno yangu yakipita mdomoni mwake hufika kwako yamelainishwa mpaka hayana mfupa.

Lakini kabla ya jibu, nisikilize habari ya ugonjwa wa gari, kwa kuwa mambo haya yote yalianzia hapo.

Unakumbuka nilikuambia pikapu imekuwa na tabia mbaya. Ukikanyaga mafuta inanguruma kama siku zako za ujana. Ukiondoa mguu na kusimama, ile ralanti, ule mlio wa chini wa injini inayosubiri, unaanza kutetemeka, unakohoa, halafu kimya. Na ikizimika ikiwa na moto, haiwaki mpaka ipoe. Unaijua mwenyewe: ni gari mzee, lina kiburi.

Sasa wewe ndiye uliyenifundisha adabu ya barabara yetu. Mtu akisimama mbele ya mji wa watu na kuacha injini ikiwaka, anasalimia tu na kupita. Akizima, amekuja kutembea, na aliyekuja kutembea hupewa maziwa, na maziwa hayakataliwi. Fikiria basi mwanao katika hali hiyo! Kila niliposimama kushusha mzigo au kumjibu mtu salamu, injini ilizima, na wenye mji wakatoka na kibuyu. Nimekunywa maziwa kutoka Kibumba mpaka Rutshuru. Sketi zangu zote zinanibana.

Hapo ndipo ikaja Rugari. Mama yake Niyibizi, Mama Eugénie, anakaa pale penye mashimo, ambapo hata dereva shujaa lazima afunge breki. Siku ya kwanza nilikuwa namrudishia bido zake, yale madumu ya maziwa, zikiwa tupu. Gari likazima mbele ya lango lake. Akatoka na furaha yote, akaniambia, "Karibia, mutoto wangu, maziwa iko." Ningefanyaje? Niliingia, nikakaa, nikanywa, nikingoja injini ipoe. Safari iliyofuata likazima palepale, na nyingine tena. Wajomba wa Niyibizi walikuwa wamekaa uani wakinitazama, wakahesabu ninavyoingia kwa miguu yangu, ninavyonywa bila aibu, ninavyochelewa kuondoka. Wakaamua kwamba moyo wangu uko kwao. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kabureta! Nilimwambia Mama Eugénie waziwazi kwamba gari ni bovu. Alicheka, akanigusa bega, akasema wasichana wote huwa na sababu.

Hivyo ndivyo ng'ombe alivyofika kwako, Papa. Hakuna aliyeniuliza. Hata wewe hukuniuliza, na hilo limeniuma kuliko yote.

Niyibizi naye nimemjua vya kutosha. Siku moja aliomba aendeshe pikapu mpaka kanisani na kurudi. Aliporudi alisema breki ni ngumu mno, kwamba ndiyo maana ninahangaika, akasema mbele ya watu, "Muguu ya mwanamuke haina nguvu ya gari kama hii." Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba tukishaoana gari atampa dereva wake, na mimi nitapumzika nyumbani. Nilimshukuru kwa kunifikiria. Ndani nilikuwa ninachemka.

Nilirudi Goma na hasira hiyo. Gisubizo, fundi wangu wa hapa Mapendo, alikuwa ameshabadilisha buji, zile plagi za kuwashia moto, ameosha kabureta, na mwisho akakaza skurubu ya ralanti mpaka injini ikawa inapiga kelele hata ikisimama. Ikaacha kuzima, ni kweli, lakini ikanywa mafuta bila huruma, na nilipokuwa nikishuka kutoka Kibumba gari lilinisukuma kana kwamba kuna mtu nyuma. Nilimwambia Gisubizo kwamba hajamtibu mgonjwa, amempigia kelele tu. Akarudisha skurubu ilipokuwa, na ugonjwa ukarudi nao.

Ndipo nikaanza kuyatafuna yale maneno ya Niyibizi. Breki ngumu. Mimi nilikuwa nimeizoea, nilidhani ni uzee. Nikaingia ndani, nikawasha, nikaacha gari limesimama, nikakanyaga breki taratibu. Injini ikayumba. Nikaachia, ikajikongoja. Nikakanyaga tena, ikayumba tena, na karibu na miguu yangu nikasikia kitu kinavuta pumzi, fyuuu. Nilimwita Gisubizo. Kwanza alinikatalia, akasema breki ni breki na injini ni injini. Kisha akainama, akasikia na yeye. Kuna mpira mmoja unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chungu cha chuma kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Aliubana mpira ule kwa koleo, na papo hapo ralanti ikatulia. Tulitazamana kama watu waliomkuta mwizi jikoni.

Mpira ulikuwa umepasuka chini ya kibanio chake, pasipoonekana. Kwenye ufa huo injini ilikuwa inavuta hewa isiyotakiwa, ndiyo maana ilikuwa ikizima. Na kwa ufa huohuo breki ilikuwa inakosa msaada, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Tumeweka mpira mpya. Sasa pikapu ikisimama inapumua kama mtoto aliyeshiba, na breki naikanyaga nikiwa nimevaa kandambili. Mguu wangu, Papa, haukuwa na kosa lolote.

Basi jibu langu ni hili. Sitaki kuolewa na Niyibizi. Si mtu mbaya, hanywi, anasali, lakini simtaki. Na pikapu si ya kufungiwa utepe ikaendeshwa na dereva wa mtu mwingine. Ulinipa funguo mwenyewe macho yalipoanza kukusumbua, mbele ya wajomba, ukasema sasa ni yangu. Hukusema ni yangu mpaka nitakapopendwa. Najua unaogopa nitazeeka barabarani peke yangu, na ninajua hofu hiyo ni upendo. Lakini ng'ombe akiendelea kukaa zizini kwako, neno limekwisha, na mimi nimekwisha nalo. Ukinikasirikia nitavumilia. Kuolewa kwa sababu ya mpira uliopasuka sitavumilia.

Hadi hapo niliandika jana, Mapendo. Haya yaliyobaki ninayaandika Jumapili, kwenye meza yako, hapa Kalengera, na kalamu ni ile yako.

Nimekuja saa hii makusudi, Papa, nikijua uko kanisani na kwamba baada ya ibada wazee mna kikao. Sitakuficha. Ningekukuta, ungeniita kwa jina langu la utotoni, ningelia, na ng'ombe angebaki. Sasa yuko kwenye pikapu, amefungwa vizuri, amewekewa majani. Ninampeleka Rugari.

Nilikuwa nimejiandaa kwenda peke yangu. Nilijua ni vibaya, kwamba msichana akimrudisha ng'ombe bila mkubwa wa kumsemea anaonekana mwizi au kichaa, lakini nilisema waone wanavyotaka kuona. Nilipokuwa nahangaika na kamba, Mama alitoka jikoni. Nilijua nitamkuta, ndiyo maana sikumsalimu kule juu, lakini nilitegemea kelele. Alishika kamba upande wa pili, akavuta. Tulipomaliza alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha sikukuu. Aliniambia kwamba siku ng'ombe wake yeye alipoletwa kwa babu, alikuwa mtoni anafua, na alikuta mambo yamekwisha. Akasema hajutii maisha yake na wewe, nisielewe vibaya, ila angependa kama angeulizwa.

Kwa hiyo atakayenisemea Rugari ni yeye. Hivi ninavyoandika ameshaketi mbele, mkoba mapajani, na ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Tutarudi jioni, wote wawili, na utanigombeza ukipenda. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize. Mungu akulinde, akupe afya, na akutulize moyo kabla hatujafika. Chakula kiko kwenye sufuria. Mama anasema leo upashe mwenyewe.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Umuhoza