Kitambaa Ulichomshonea Kaka Yako

Blacktown, Sydney
15 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Ninahazwe,

Nakusalimu kwa upendo. Kifua kimetulia? Maharage mmeshavuna huko Kibondo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza, nalala na soksi.

Wifi, nakuandikia juu ya kile kitambaa cha unahodha ulichomshonea kaka yako kule kambi ya wakimbizi kwa upindo wa kitenge chako cha njano. Tangu tumzike kaka yako Bigirimana mwezi wa pili, kilikuwa chini ya mto wangu.

Unakumbuka alivyoanza kuitwa Mwingereza? Ni ile picha ya kitabu cha shule: nahodha wa Uingereza wa zamani sana, beki, kaptula hadi magotini, mikono ameikunja kifuani. Mwalimu alisema alichezea timu moja tangu ujana mpaka magoti yakamkataa. Kaka yako akachana nywele njia katikati kama yeye, akakataa kabisa kucheza mbele. "Magoli wafunge wenye haraka," alisema.

Huku pia alikuwa beki na nahodha wa vijana wetu mpaka akaota mvi. Kila Jumamosi nilimfunga kitambaa mkono wa kulia, si wa kushoto kama manahodha wengine, maana wa kushoto uliteguka kambini na haukupenda kubanwa.

Desturi yetu unaijua: nahodha anayeondoka ndiye humfunga anayemrithi. Yeye aliondoka bila kumfunga mtu. Vijana walikataa kununua kitambaa kingine. Juzi Arakaza, beki mwenzake, alikuja na wenzake, wakala, wakaaga. Mlangoni ndipo akasema, "Mama, tunakusubiri wewe." Nilikasirika, wifi. Niliona kama nanyang'anywa mume mara ya pili.

Jana nikaenda nacho uwanjani. Nikamfunga Arakaza. Wenzake wakaanza kelele: "Left, Mama! Kushoto!" Kumbe nimemfunga kulia. Nikataka kufungua, yeye akakifunika kwa kiganja. "Acha, Mama. Mwingereza alivaa huku."

Tulifungwa mawili kwa bila. Lakini kila alipoinua mkono kuwapanga mabeki niliiona njano yako, nikajikuta napiga kelele kama zamani: "Rudini nyuma!"

Nisamehe kama ulitaka kibaki nyumbani. Baada ya mchezo Arakaza alinipa nikifue, kama alivyokuwa akinipa kaka yako. Sasa kiko kwenye kamba, kinakauka. Jumamosi nitakipeleka mwenyewe.

Nisalimie shemeji Fiacre na mzee Ntakirutimana. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Belyse