Kofia ya Sajini Hamudi

Newala, 1 Agosti 2024

Kwa binamu yangu Jumanne,

Assalamu alaikum. Hujambo? Shangazi miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya Newala imeshika na usingizi sina. Simu hupokei, ndiyo maana nimempa kondakta barua. Ukishaisoma usiisokotee tumbaku, nakujua.

Wazee wamekubaliana. Siku ya arobaini ya baba, tarehe 27, askari wenzake wa vita vya Kagera watakuja Chiwata kumpigia saluti. Mtu aliyerudi kutoka vitani na risasi pajani, akatuchimbia kisima, akafundisha mgambo vijiji vitatu, hawezi kusahauliwa kama kuku aliyeliwa jana. Na wewe, mtoto wa dada yake, ndiwe utakayevikwa kofia yake na kurithi jina lake, Hamudi. Kuanzia hapo utakuwa baba yangu. Nitakuamkia shikamoo, mtani wangu mwenye pua ya kiazi, na ole wako ucheke.

Huyo Fortunatus aliyemuua nasikia yuko mahabusu na taya limevunjika. Mngemmaliza. Ningekuwapo ningemmaliza kwa mikono yangu. Hebu niambie, baba alikufaje? Kila mtu ananipa nusu ya habari.

Binamu yako na mtani wako,
Rukaiya

Chiwata, 8 Agosti 2024

Binamu Rukaiya,

Waalaikum salaam. Mimi sijambo. Mama miguu inamsumbua, anakusalimu.

Ilikuwa alfajiri, tuko mashambani tunapuliza salfa kwenye mikorosho kabla upepo haujaamka. Filimbi ya mgambo ikalia. Fortunatus, yule fundi uashi wa Lisekese, alikamatwa na mfuko wa salfa wa wizi. Mjomba naye alikimbilia huko. Katika vurugu fundi akampiga. Ndivyo watu wanavyosema.

Kofia mpeni mdogo wangu Ashiru. Kichwa chake kinafanana na cha mjomba. Mimi siku hiyo huenda nisiwepo.

Binamu yako,
Jumanne

Newala, 15 Agosti 2024

Jumanne,

Salamu. Natumai u mzima, maana Jumapili nilipokuja Chiwata kumwona mama ndani ya eda niliambiwa umekwenda Masasi, na pikipiki yako iko uani.

Mama kanieleza jambo. Ule mfuko wa salfa haukuibwa. Baba mwenyewe alimpa Fortunatus, ahsante ya kujenga ukuta wa kisima, na akamfungia kwenye baiskeli kwa mkono wake. Halafu jirani mmoja kanong'ona kwamba fundi alipokuwa anapigwa alikuwa amefungwa mikono kwa kamba. Aliyefungwa mikono anampigaje mtu?

Usiniambie watu wanasemaje. Wewe ulikuwapo. Nani alimpiga baba yangu?

Rukaiya

Chiwata, 22 Agosti 2024

Binamu yangu,

Salamu. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Ni mimi.

Ukipuliza salfa unajifunga kitambaa usoni, na vumbi linakupaka mwili mzima. Hapo hakuna anayemjua mwenziwe. Tulipofika, fundi alikuwa chini, anatapika damu na meno. Nami nikampiga mara mbili kwa mpini wa jembe, na nitasema ukweli, nilifurahi. Mtu akajitupa juu yake. Naye kajifunga uso kama sisi, anapiga kelele, kitambaa kinazimeza. Nikadhani ni mwizi wa pili. Nikampiga kisogoni. Nilisikia mfupa ukipasuka na sikuacha, nikapiga tena. Kitambaa kikafunguka, nikamwona mjomba. Jicho moja lilibaki wazi.

Wote waliona. Wakasema ni fundi, nami nikakaa kimya kwa kuwa fundi hakuwa na taya la kukana.

Mjomba alitufundisha filimbi ikilia tukimbie, tumshike mtu, tumfikishe kwa mtendaji. Kukimbia tulijifunza.

Tarehe 27 nitakuja. Nitasema mbele ya watu, mbele ya hao askari wake. Msimtafute Ashiru.

Jumanne

Newala, 2 Septemba 2024

Jumanne,

Assalamu alaikum. Afya yako sikuulizi, niliiona. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Ulipomaliza kusema, jiwe la kwanza likakupata sikioni. Ulianguka kifudifudi, kwa hiyo hukuona. Walewale waliompiga fundi, walewale waliosema uongo, sasa walikupiga wewe kwa mateke, kwa michi, kwa viti vya shughuli. Mwanamke mmoja alikuwa anakuuma bega. Mtu akakulalia mgongoni. Mtu huyo ni mimi. Nilikuchukia wakati huohuo, Jumanne, nilitamani ufe, na bado nikakulalia, maana juu ya anayepigwa ndipo baba alipokuwa amelala. Mchi ukanivunja mkono.

Wale askari wazee, watu wa miaka sabini kwenda juu, walishikana mikono wakatuzunguka. Mmoja alipasuliwa paji la uso, hakuachia. Wakatembea nasi hivyo hadi kwa mtendaji, watu wanarusha mawe. Saluti haikupigwa. Lakini baba alipewa heshima yake, nimeiona kwa macho yangu.

Fortunatus kaachiwa. Hawezi kutafuna. Alikuja kaburini, akakaa kitako, akaondoka.

Wazee walitaka jina limwendee Ashiru. Mama, kutoka ndani, akakataa. Alisema, "Mrithi ni yuleyule. Alibebe jina hilo. Kila atakapoitwa, aitike jina la mtu aliyeuawa kwa mkono wake, mpaka azikwe nalo." Kofia nitakuletea mahabusu pamoja na uji, ingawa najua kofia polisi hawataipokea.

Sijakusamehe, na usiniombe. Lakini desturi ni desturi, na nitaifuata hata ikinichoma ulimi. Wewe nawe utanijibu marahaba kila nitakapokuamkia.

Shikamoo, baba.

Mwanao,
Rukaiya