Mama Mdogo wa Kwenye Simu

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 9.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, tena ya mikono miwili. Goti lako linasemaje? Na Shemeji, kile kikohozi kimemwachia au bado anakigombeza kwa chai ya tangawizi? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujakaa mahali pake, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, au ungelia wewe.

Masomo yanaendelea. Kila Alhamisi, darasa letu la kukarabati vitambaa vya zamani haligusi sindano. Mwalimu anatutoa kwenda kutazama sanaa za mji. Tumeona kuta za barabara ya stesheni zilizochorwa nyuso kubwa kuliko nyumba yetu. Tumeingia ukumbi wa kucheza ambako watazamaji wanakaa kimya kama wako msibani. Dada, nilisahau nikapiga kigelegele! Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu akaninong'oneza, "Wewe, hapa tunafurahi kwa ndani."

Wiki tatu zilizopita tulikwenda jumba la makumbusho. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na kitambaa kikuukuu, na kibao kikisema ni cha kujitandia mabegani. Nikacheka peke yangu. Pembe zake zimekunjamana kwa kufungwa fundo, katikati pamepauka panapokaa makalio ya mtoto, na ukingo wa juu una doa la udenda.

"Mwalimu, hii ni mbeleko," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nimedondoshewa udenda mwingi, nitakosaje kujua?"

Akaitwa mkuu wa jumba, akainama na miwani yake, na wiki iliyofuata kibao kikabadilishwa. Mimi niliyeishia darasa la saba! Basi wakaniambia nikimaliza mwezi wa saba nisiondoke, nibaki mwaka mwingine niwasomee vitambaa vyao. Jibu wanalitaka Ijumaa hii. Nilikupigia Jumapili nikuambie kwa furaha.

Ndipo Kijino akachukua simu akasema, "Shikamoo, mama mdogo."

Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Wewe ukacheka, ukasema, "Huyu naye!" Halafu tukaagana haraka. Habari ya jumba la makumbusho sikuitoa tena.

Sikulaumu, Dada, naomba unisikie vizuri hapo. Siku tatu nalala na neno hilo naamka nalo, na nimeona mtoto hakukosea. Nilimzaa mimi, lakini nilimwacha kwako na jino moja mdomoni nilipokuja masomoni, hilo hilo lililompa jina. Anayemwogesha na kumbembeleza ndiye mama, na mdogo wake mama ni nani kama si mama mdogo? Ukoo ameupanga sawasawa, ila mimi kaniweka kwenye kiti kisicho changu.

Nimesikia pia kwamba majirani wanakuita Mama Kijino. Shangazi ndiye aliyeropoka, unamjua mdomo wake hauna mlango. Mwanzoni nilichomwa. Kisha nikakumbuka miaka kumi na moja ya ndoa yako, na jinsi ulivyokuwa ukiinuka kwenda kukoroga chungu kila wanawake wenzako wakianza kuitana kwa majina ya watoto wao.

Barua hii itakapokufikia, nitakuwa nimeshawajibu kwamba sibaki. Usinigombeze. Ufundi nimeshaupata, hakuna wa kunivua, na vitambaa vya zamani havikosi popote penye watu. Lakini mwaka mmoja wa mtoto haushoneki ukishachanika.

Nikifika, usimfundishe kuniita. Usimsukume mapajani mwangu, wala usimtoe kitandani kwako. Nitalala sebuleni. Akiniita mama mdogo nitaitika, hata mbele za watu. Akikuita wewe mama, itika kwa sauti, usinitazame usoni kwanza.

Lililonikosesha raha si kwamba atanikataa. Mtoto hukataa leo, kesho akakupanda mgongoni. Naogopa hiyo kesho, Dada. Siku atakayokimbilia kwangu akiniita mama, na wewe umesimama mlangoni umeshika nguo zake, sijui nitakutazama kwa macho gani. Basi tukubaliane tangu sasa: siku hiyo isimtoe mtu. Asiwe na mama mmoja tu kwa sababu mimi nimerudi.

Nisalimie Shemeji, Mjomba fundi baiskeli, na Bibi wa chumba cha uani. Shangazi msalimie pia, ila barua usimsomee. Kijino mbusu shavu lolote lililo safi.

Mungu akutunze kama ulivyonitunzia.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Mama Kijino, yule mwingine.